Mistari ya Bundi

Karakana ya hospitali, 4 Februari

Mdogo wangu Profesa,

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu mara ya mwisho nilipotaja pampu kwenye simu ulinikatiza, ukasema simu ni ya kampuni na kampuni ina masikio. Haya. Barua anakuletea dereva wa gari la oksijeni, yule anayekuja kutujazia mitungi na kurudi huko mjini kwenu. Jibu mpe yeye huyo huyo. Ni mwaminifu, ila usimnunulie soda zaidi ya moja, utashinda mlangoni unasikiliza habari zake.

Wifi hajambo? Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka.

Sasa sikiliza. Juzi mchana umeme ulikatika, kama kawaida yake. Wodini kulikuwa na fundi cherehani mmoja aliyefungiwa pampu ya dawa ya moyo, moja ya zile mlizotuwekea programu mpya mwezi uliopita. Betri za pampu zetu zilishakufa, hilo unalijua, kwa hiyo zilizimika zote. Jenereta ilipowaka, pampu yake nayo ikawaka yenyewe, ikapiga hesabu ya dawa yote ambayo haikutoka wakati wa giza, ikaisukuma mwilini kwa mkupuo mmoja. Yule baba aligeuka rangi. Kilichomwokoa ni kwamba Sista Mkuu alikuwa amesimama pale pale akimkaripia mtu kwa jambo jingine. Aliona, akaubana mpira wa dripu kwa vidole vyake.

Nilipiga simu huduma kwa wateja ya kampuni yenu. Binti mwenye sauti tamu akaniambia nimepokelewa, nisubiri. Nikamuuliza nisubiri nini, akasema nisubiri kidogo. Zamani ningewasha kompyuta yangu hapa karakanani nikasoma msimbo wote, mstari kwa mstari, mpaka nione pampu inaambiwa ifanye nini. Siku hizi naona nembo yenu na neno "hairuhusiwi". Tumeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe limeshonwa mdomo.

Nakuomba basi, na siombi kama mteja. Programu hii uliianza wewe, kwenye meza hii ninayoandikia. Ifungue uangalie. Niambie kuna nini mle ndani.

Dada yako,
Bisibisi


Nyumbani, 9 Februari

Dada,

Shikamoo. Tuko wazima. Soda ilikuwa moja na bado nimesimuliwa habari za kila gurudumu.

Pole kwa yaliyompata mgonjwa huyo, lakini tusikimbilie kuilaumu programu. Toleo jipya limejaribiwa na watu wanaolipwa kwa kazi hiyo peke yake. Huenda muuguzi aliingiza kipimo vibaya. Huenda ni waya. Jaza fomu ya malalamiko, itafuata njia yake.

Unataka nikuonyeshe msimbo. Siwezi. Nilisaini mkataba. Nikitoa nje mstari mmoja nafukuzwa na kushtakiwa, na hata nyumba tunayokaa ni ya kampuni. Usidhani nimevimba kichwa. Wewe unakumbuka raha ya zile siku programu ilipokuwa huria, kila mtu duniani anaisoma, anaichukua bure na kuongeza chake. Mimi nakumbuka karaha. Siku ya harusi yangu nilijifungia chooni na suti yangu, kompyuta mapajani, kwa sababu hospitali moja ya mbali ilikuwa imekwama na hapakuwa na mwingine wa kuwajibu. Wengine wote walikuwa wanajitolea, na anayejitolea ana haki ya kuzima simu akalale. Malipo yangu yalikuwa ahsante. Kampuni ina watu wa kupokea simu, ina bima, na mambo yakiharibika kuna mlango wa kugonga. Hilo nalo ni uhai wa mgonjwa, Dada, hata kama halikupendezi.

Mama anaendeleaje na kile kifua? Hapokei simu zangu siku hizi.

Halafu, jambo jingine tu, halihusiani na haya. Unamkumbuka yule mchangiaji wetu aliyejiita Bundi? Uliwahi kujua ni nani, au ni mtu wa wapi? Ukikumbuka lolote niambie.

Mdogo wako


Karakana, 11 Februari

Profesa,

Marahaba. Fomu nimeijaza. Kisha nikafanya kazi.

Nilichukua pampu mbili za akiba, nikazitia maji badala ya dawa, mipira nikaielekeza kwenye vikombe viwili vya kupimia. Moja niliiacha na programu yenu. Nyingine nikairudishia toleo la zamani, maana nakala yake ninayo na siiachi. Nikachomeka zote kwenye soketi moja, nikang'oa plagi, nikaenda kunywa chai, nikarudi nikachomeka. Ya zamani ililia, ikaandika "umeme ulikatika, mwite muuguzi", ikatulia mpaka nilipobonyeza. Ya kwenu haikulia. Ilikijaza kikombe. Nimerudia tena na tena mpaka fundi bomba wa hapa akaniuliza kama nafungua kiwanda cha maji. Jibu ni lile lile.

Kwa hiyo si muuguzi wala si waya. Na sehemu inayoifanya pampu ya zamani isubiri unajua iliandikwa na nani. Ni mistari ya Bundi. Ghafla wewe, mtu wa kampuni, unamtafuta Bundi, eti haihusiani na haya. Mdogo wangu, mimi ndiye niliyekuwa nakubadilisha nepi. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Mistari ile iko wapi?

Umenieleza habari za harusi yako. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyesimama mlango wa choo nikiwaambia watu umeharisha. Sikatai kwamba ulichoka. Lakini ulipochoka zamani, mwingine aliona kosa lako na akaweza kuligusa. Leo nimeliona mimi, nimeliweka kwenye kikombe, na siwezi kuligusa.

Mama hana haja ya simu. Yuko hapa karibu nami, namwona kila siku.

Bisibisi


Nyumbani, 16 Februari

Dada,

Shikamoo. Ukishaisoma hii, ichome.

Mistari ya Bundi niliifuta mimi. Kampuni ilipotaka programu iwe mali yake peke yake, wanasheria walisema kila aliyewahi kuchangia asaini karatasi ya kukabidhi mistari yake, na asiyesaini mistari yake itolewe. Wote walisaini isipokuwa Bundi. Aliandikiwa, akakumbushwa, akaahidiwa mpaka malipo, kimya. Nikapewa kazi ya kumtoa na kuandika changu badala yake, tena nikakatazwa kuchungulia cha kwake, isije ikasemwa nimeiga. Nikakaa nikajiuliza: umeme ukirudi na mgonjwa amekosa dawa, si apewe? Nikaandika hivyo. Ofisini kwetu taa hazijazimika tangu niingie. Wanaojaribu programu nao wamo jengo lile lile. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kung'oa plagi. Nimelisahau giza, Dada, mimi niliyesoma kwa kibatari.

Na lalamiko lako si la kwanza. Kuna lililotangulia, kutoka hospitali nyingine. Huko hapakuwa na Sista Mkuu karibu na kitanda. Mgonjwa hakuamka. Karatasi yake ilikuwa mezani kwangu siku niliyokuandikia habari za muuguzi na waya. Nilikuwa naogopa, na bado naogopa.

Wakubwa wanajua. Wanasema kutoa onyo sasa ni kujichimbia kaburi, bora tutengeneze kimya kimya. Lakini kuandika upya bila kumwiga Bundi, kupima na kuidhinisha, ni kazi ya miezi. Bundi akisaini, mistari yake inarudi kama ilivyo na pampu zote zinapona mara moja. Nisaidie kumpata. Alijipa jina la uchuro, lakini sijawahi kumheshimu mwalimu yeyote kama nilivyomheshimu yeye. Ndiye mtu pekee aliyenisahihisha nikafurahi.

Kuna jambo moja jema. Nimewaeleza wakubwa majaribio yako ya maji. Wamekubali kumtuma mkaguzi kwenu tarehe 23 azikague pampu zote. Mpokee vizuri.

Mdogo wako


Karakana, 18 Februari

Mdogo wangu,

Sijaichoma. Nimeisoma, nikaiweka, nikaisoma tena.

Mama amelazwa. Ni kifua hicho hicho, kumbe ni moyo. Yuko wodini, kitanda cha dirishani, amefungiwa pampu ya dawa kama ya yule fundi cherehani. Alinikataza kukuambia, anasema una watoto na kazi, utakuja mbio uharibikiwe. Nilimtii. Pampu yake niliifungua mwenyewe nikairudishia toleo la zamani, na za jirani zake pia. Sikumwambia mtu. Na wewe umemwita mkaguzi, ambaye kazi yake ya kwanza itakuwa kuona kilichotolewa na kukirudisha. Najua hukujua. Lakini damu inanichemka.

La pili. Usimtafute Bundi, umeshampata. Ni mimi.

Mimi huyo huyo ninayekimbia nikisikia bundi analia. Nilichagua jina ambalo hungenidhania. Unakumbuka ulivyokuwa? Nikikuonyesha kosa mezani ulikuwa unasema, "Dada, wewe shika bisibisi, haya niachie mimi." Kosa la umeme nilikuonyesha kwa mdomo wangu na ukalicheka. Nikaenda chumbani, nikaliandika kama mgeni kutoka mbali, nikalituma. Ulikuja mbio jikoni kunisomea, unasema dunia ina watu wenye akili. Iliniuma, na ilinifurahisha, nikaendelea.

Karatasi za kampuni zote zilinifikia. Ninayo moja hapa mbele yangu. Inanitaka nitamke kwamba mistari hii ni yao peke yao, na hospitali ndogo zinazotumia toleo la zamani, zile zisizo na uwezo wa kununua la kwenu, ziitoe. Nikisaini, nawafungia hao mlango. Nisiposaini, wagonjwa wenu wanaendelea kulala chini ya mashine ile, na mmoja ameshakufa. Kalamu ninayo mkononi sasa hivi. Niambie nifanye nini, na usinijibu kama mfanyakazi wa kampuni.

Dada yako


Nyumbani, 22 Februari

Dada,

Nimekupigia tangu dereva anikabidhi barua yako, simu yako haipatikani. Wifi yako anakuletea hii mwenyewe, hakutaka kumngoja mtu. Nami ningekuja, lakini wameniita ofisini na najua ninaitiwa nini.

Usisaini.

Nimemwaga mtama. Nimeziandikia hospitali zote zilizonunua pampu zetu, kwa jina langu kamili na cheo changu. Nimeeleza kosa, nimeeleza ni la nani, na nimeandika la kufanya: umeme ukikatika, bana mpira wa dripu kwanza, zima pampu, na usiiwashe mpaka muuguzi awe mbele yake. Hakuna msimbo niliotoa. Sikuhitaji. Kwa muda wote huu nilikuwa namsaka Bundi aje aniokoe, na kumbe kilichotakiwa ni mimi kufungua mdomo.

Sasa hilo la Bundi. Niliwahi kumwandikia kwamba ningetamani kufanya naye kazi maisha yangu yote. Na wewe ulikuwa chumba cha pili unakaanga mayai. Niliona aibu mpaka wifi yako akadhani ninaumwa.

Mwambie Mama nimejua. Mwambie nakuja.

Mdogo wako


Wodini, 25 Februari

Mdogo wangu,

Naandikia magotini, kando ya kitanda. Nianze na unachotaka kukijua: Mama yuko hai.

Mkaguzi alimtangulia wifi. Kijana mpole, shati limepigwa pasi. Alizungukia pampu zote na kompyuta yake, na kila niliyoirudisha nyuma aliiweka mbele tena. Nilimwomba aache moja tu, ya Mama. Akanijibu kwa heshima kwamba mashine yenye programu isiyo ya kampuni inaifutia hospitali dhamana yote, na Mganga Mkuu akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia ang'oe plagi aone. Akasema hilo halimo katika kazi aliyotumwa. Nadhani hata yeye hakuwa ameambiwa. Akaondoka, nikabaki nimekaa na Mama nikiitazama taa ya dari.

Wifi aliingia jioni yake na barua yako. Kesho yake asubuhi onyo lako likamfikia Mganga Mkuu. Alilisoma amesimama. Sista Mkuu alilinakili kwa mkono wake na kulibandika juu ya kila kitanda. Mganga Mkuu akaagiza wagonjwa wahamishiwe dripu za kawaida mmoja mmoja, na zamu ya Mama ilikuwa bado.

Mchana umeme ukakatika. Na mimi, unajua kazi yangu, umeme ukikatika nakimbilia jenereta. Nilifika nikashika swichi, mkono ukagoma. Chumba cha upasuaji kulikuwa na mtu tumbo wazi, wanamulikiana kwa simu. Nikiwasha, anapona yule, lakini pampu ya Mama inaamka na kusukuma. Sikuwa na njia ya kujua kama kuna aliyeubana mpira wake. Nilimwita Mama kwa sauti, peke yangu mle ndani, kisha nikawasha. Sitakusamehe kwa swichi ile, nakuambia wazi, au labda nitakusamehe lakini si mwezi huu.

Nilikimbia mpaka kiatu kikabaki koridoni. Nikamkuta wifi amepiga magoti kitandani, mpira wa dripu ameubana kwa vidole vya mikono yote miwili, macho ameyafumba, analisoma onyo lako kwa kichwa kama dua. Pampu ilikuwa inasukuma, na haikupata njia. Sista Mkuu aliizima, akamwambia aachie. Hakuachia. Tulimbandua kidole kimoja kimoja. Mama akafungua macho, akamuuliza wifi mbona anamkalia miguu.

Karatasi ya kampuni sikuisaini. Niliwaandikia mimi: mistari ya Bundi ni ruhusa kwa yeyote, wao wakiwemo, mradi na wao waache msimbo wao usomwe. Wamejibu wanataka mazungumzo. Nimewaambia nimewapokea, wasubiri.

Dada yako


Kwa rafiki, 9 Machi

Dada,

Shikamoo. Niliposoma habari za swichi nilitoka nje nikakaa barazani mpaka nikaweza kurudi ndani. Sina la kujitetea.

Nimefukuzwa. Nyumba tumeihama, rafiki ametuhifadhi, ndiyo maana bado sijafika kwa Mama. Wanasheria wameniandikia kwamba nimevunja kiapo cha siri, na nitaitwa mahakamani, siku haijatajwa. Baada ya kunitoa, kampuni imetoa onyo lake yenyewe, limeandikwa vizuri kuliko langu, na pampu zinakusanywa kila mahali. Wifi yako anaogopa kesi lakini anatembea kifua mbele, majirani wote wameshaonyeshwa vidole vyake.

Nimeamua kuirudia programu yetu ya zamani, ile ya wazi. Lakini usiniambie ulikuwa sahihi kwa yote. Nikiirudia, lazima awepo mtu wa kupokea simu, na alipwe kwa kupokea, hospitali zichangiane kwa hilo. Sirudi chooni na suti.

Nakutumia marekebisho yangu ya kwanza, kwa jina langu. Umeme ukirudi, pampu isubiri kama ulivyoandika, lakini imwonyeshe muuguzi kiasi cha dawa kilichokosekana, achague mwenyewe. Mlinzi wa mlango wa programu sasa ni wewe. Yasome, na ukiyaona yanafaa, yakubali.

Mdogo wako


Karakana, 13 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama ameruhusiwa kutoka. Ananisumbua nimweleze Bundi ni nani, nimemweleza, ameghadhibika kwamba binti yake alijiita ndege mbaya.

Hilo la mtu wa kupokea simu umesema kweli. Nimeshamdokeza Sista Mkuu, sauti yake si tamu lakini hatamwambia mtu asubiri.

Marekebisho yako nimeyasoma mstari kwa mstari, na nimeyakataa. Wazo ni zuri. Lakini huku umeme ukirudi hukatika tena kabla muuguzi hajafika kitandani, na wewe ulipogusa mistari yangu uliifanya pampu isahau kwamba ilikuwa inasubiri. Nimeng'oa plagi, nikachomeka, nikang'oa tena. Kikombe kilijaa.

Walete wifi na watoto. Chumba cha pili kina kitanda, mayai yapo, na umeme unakatika karibu kila mchana. Uyaandike upya ukiwa hapa.

Dada yako,
Bundi